Upweke na bahari kwa njia ya wasimbolisti: kwa nini picha za Mombasa zinatoka kama kadi za posta?

PwaniRangi

Salamu wenzangu. Natayarisha picha nne za bahari ya hapa Mombasa: mbili za wino na pasteli kwenye karatasi ya A3, mbili za rangi za mafuta kwenye turubai ya sm 50 kwa 70. Ninachokitafuta ni ule upweke wa wasimbolisti, wasanii wa Ulaya wa mwishoni mwa karne ya 19 waliochora hali ya ndani kwa ishara: Böcklin wa Uswisi na kisiwa chake, Spilliaert wa Ubelgiji na usiku wa mji wake wa pwani, Ostend, Munch wa Norwe na watu wake wawili waliosimama ufukweni bila kutazamana. Michoro ya majaribio ina vyote vinavyotarajiwa, mtu mmoja ameketi mchangani, mnazi, jahazi, jua linazama. Ukiiangalia haina upweke hata chembe. Ni kadi ya posta ya hoteli.

Naomba msaada kwa haya. Mstari wa upeo uwekwe wapi, na mtu awe na kimo gani? Mwezi juu ya maji uchorwe vipi usigeuke pambo? Mivinje yetu inaweza kushika nafasi ya miberoshi ya Böcklin? Na kwa upande wa vifaa, karatasi inanyonya unyevu na wino unatoa mabaka, hilo linatibiwa vipi?

MaalimKuze

Ndugu PwaniRangi, anza kwa kutoa. Wasimbolisti hawakuuleta upweke kwa kumchora mtu mpweke. Waliifunga picha mpaka jicho la mtazamaji likakosa pa kutokea. Mtu wako ameketi mchangani, ana mnazi wa kuegemea, ana kivuli, ana njia ya kurudi nyumbani. Huyo hayuko peke yake, amepumzika tu.

Kitazame "Kisiwa cha Wafu". Böcklin alikianza mwaka 1880, miaka sita kabla ya mshairi Jean Moréas kuchapisha ilani ya usimbolisti katika gazeti la Le Figaro, na hadi 1886 alikuwa amekichora mara tano. Kutoka toleo hadi toleo mwanga ulibadilika na miamba ikabadilika, lakini mpangilio ukabaki uleule. Bahari imelala bapa, haina wimbi. Upeo uko chini, na pale katikati ambapo jicho lingependa kutoka, kisiwa kimepaziba. Miamba imepanda kulia na kushoto, kati yake kuna kiza cha miberoshi, na mbele ya kiza hicho kuna kitu kimoja cheupe: mtu aliyesimama ndani ya mashua, ametupa mgongo. Weupe huo ni mdogo sana ukilinganisha na giza linaloukabili, na hapo ndipo picha nzima inapofanya kazi yake.

Angalia na umbo la ubao wenyewe. Toleo la Berlin la 1883 ni sm 80 kwa 150, yaani upana unakaribia mara mbili ya kimo. Ukitaka uwiano huo kwenye turubai yako yenye upana wa sm 70, kimo kishuke mpaka sm 37 hivi. Ukiacha sm 50 utapata anga nyingi kuliko unavyohitaji, na anga nyingi bila sababu ndiyo inayokaribisha mawingu mazuri mazuri na ndege wa kupamba.

Jambo jingine la kulizingatia: yule mtu mweupe na jeneza lililo mbele yake havikuwamo mwanzoni. Marie Berna, mjane aliyeagiza toleo la pili, lile lililoko sasa katika makumbusho ya Metropolitan mjini New York, ndiye aliyeomba viongezwe. Böcklin akaviongeza, na akaviweka hata kwenye toleo la kwanza. Kwa hiyo mahali palikuwa pameshajaa upweke kabla mtu hajaingia. Jipime kwa kipimo hicho: funika mtu wako kwa kidole. Picha ikifa, ujue mandhari haijafanya kazi yake, na mtu unamtumia kuziba pengo.

Sasa upeo. Kuna njia mbili zinazofaa na moja isiyofaa. Isiyofaa ni katikati, kwa sababu hapo bahari na anga zinagawana picha sawasawa na jicho linatulia. Upeo wa chini kabisa ni njia ya mchoraji Mjerumani Caspar David Friedrich katika "Mtawa Kando ya Bahari" ya 1808 hadi 1810. Yeye ni wa kizazi kilichotangulia, lakini wasimbolisti wengi wamepita mlango wake. Pale mchanga ni ukanda mwembamba, bahari ukanda mwembamba mwingine, juu yake anga tupu ambayo ndiyo karibu picha yote. Uchunguzi wa miali isiyoonekana umeonyesha kwamba alikuwa amechora vyombo baharini kisha akavifuta. Ukisimama Mama Ngina, pale ufukweni mwa kisiwa chetu, na kuona meli zinaingia bandari ya Kilindini, zikumbuke hizo merikebu zilizofutwa.

Njia ya pili ni upeo wa juu, na hiyo naipendekeza zaidi kwa Mombasa kwa sababu haihitaji usiku. "Mvuvi Maskini" wa Mfaransa Puvis de Chavannes, mwaka 1881, yuko makumbusho ya Orsay mjini Paris, ni mchana mweupe. Mvuvi amesimama ndani ya mashua, kichwa kimeinama, mikono imekutana, anangoja wavu. Maji yamepanda juu sana ndani ya picha, anga imebaki kidogo, na mtu amezungukwa na maji badala ya kuwa na anga nyuma yake. Rangi zimepauka, kijivu na kijani cha maji machafu, hazing'ai, na vivuli karibu havipo. Jua letu la saa sita linaondoa vivuli vivyo hivyo. Usilikimbie, litumie: punguza ukali wa rangi, sogeza toni zote, yaani viwango vya mwanga na giza, karibu karibu, uone mchana unavyokuwa mtupu.

Kwa karatasi ya A3 iliyosimama, yenye kimo cha sm 42, jaribu upeo kwenye sm 7 kutoka chini, halafu jaribio jingine sm 7 kutoka juu. Mtu asizidi sm 2 na nusu. Fanya vijichoro vya sm 7 kwa 10, sita au nane, toni tatu tu, kabla hujagusa karatasi kubwa. Jahazi lenye tanga lililotunga liache kabisa, tanga linasema safari na upepo mzuri. Mashua ya Böcklin ni ya makasia.

BintiKibokoni

Maalim kamaliza upande wa mpangilio, nami niingie kwenye mwanga, maana hapo ndipo picha nyingi za pwani yetu zinapoharibika.

Kaka PwaniRangi, jua la Mombasa halizami baharini. Bahari yetu inatazama mashariki, jua linazama nyuma yako, upande wa bara. Ukichora jua linazama juu ya maji ya Nyali umekopa picha ya pwani nyingine, na mkaazi wa hapa anahisi kuna kitu hakikai sawa hata kama hatakitaja. Ostend ya Spilliaert inatazama kaskazini-magharibi, machweo yake yako baharini. Sisi tuna kingine, nacho kwa upweke ni bora zaidi.

Jua likishazama nyuma yako, tazama mashariki juu ya upeo. Unapanda ukanda wa kijivu cha bluu, na juu yake ukanda wa waridi uliofifia. Ule wa kijivu ni kivuli cha dunia yenyewe kikipanda angani. Kwa dakika kumi au kumi na tano bahari na sehemu ya chini ya anga vinakuwa na toni zinazokaribiana mno, na mstari wa upeo karibu upotee. Hakuna jua, hakuna chanzo cha mwanga kinachoonekana, hakuna kivuli cha upande wowote. Huo ndio mwanga ambao wasimbolisti walikuwa wakiutengeneza ndani ya studio, sisi tunapewa kila jioni isiyo na mawingu. Lakini ni wa haraka. Hapa utusitusi unakwisha kwa dakika ishirini na kitu, wakati kule kaskazini mwezi wa Juni unavuta zaidi ya saa nzima. Kwa hiyo uwe umeshachora mistari ya mpangilio kabla ya magharibi, ukibaki na kazi moja: kuandika toni. Namba 1 hadi 5 kwa penseli juu ya kila eneo zinatosha.

Kuhusu mwezi. Mwezi mpevu unachomoza baharini karibu na wakati jua linapozama, na jioni inayofuata unachelewa kwa takriban dakika 50. Tofauti hii ni kubwa kwa mchoraji. Jioni ya kwanza mwezi unatoka ndani ya ule waridi, umepauka, na hauna njia ya mwanga inayoonekana vizuri juu ya maji. Jioni ya pili unatoka kwenye giza kamili, nao unakuwa wa rangi ya chungwa, na njia yake majini inaonekana tangu upeo. Ukitaka ile nguzo ya mwanga majini ya Munch, subiri jioni ya pili au ya tatu. Nusu mwezi ya mwanzo usiihesabu, jua likizama iko utosini tayari.

Na hapa tuko karibu na ikweta, mwezi unapanda karibu wima, nyuzi 14 hivi kwa saa. Njia ndefu ya mwanga inahitaji mwezi uliolala chini, kwa hiyo una nusu saa, pengine dakika arobaini. Norwe mwezi wa kiangazi unatambaa chini chini kwa saa nyingi, ndiyo maana ile nguzo imejirudia kwenye picha za Munch za ufuo wa Åsgårdstrand kana kwamba imesimikwa. Nawe isimike hivyohivyo, kama umbo. Kwa Munch mwezi na njia yake ni kitu kimoja chenye kingo, rangi moja bapa, hakuna vimetameta. Picha inageuka pambo pale unapoanza kunyunyiza vidoa vyeupe kila mahali juu ya maji. Toni ya mwezi na ya nguzo iwe sawa, kingo zake ziwe wazi, na isimguse mtu wako. Ikimgusa, umempa mwenzake.

Msisahau maji nayo. Siku za mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Hapa Mombasa wakati wa bamvua maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, na hupwa kabisa kuelekea saa nne au saa tano usiku, tofauti ya kimo ikipita mita 3. Kwa hiyo mwezi unapochomoza maji bado ni mengi, mchanga umefunikwa, unapata bahari pana tupu. Ukirudi saa nne usiku bahari imeondoka, yamebaki madimbwi na miamba hadi kule mawimbi yanakovunjika. Hizo ni picha mbili tofauti, na ya pili sijaona mchoraji wa hapa akiishughulikia inavyostahili. Bahari iliyoondoka ni upweke mzito kuliko bahari iliyojaa.

Ule mstari mweupe wa mawimbi kwenye mwamba wa matumbawe nao unahitaji uamuzi. Kutoka Nyali au Bamburi unakatiza chini ya upeo. Ukiuchora kwa povu linaloruka, umeleta kelele. Uache uwe mstari mmoja mwembamba, toni moja tu juu ya ile ya maji, ukatike sehemu mbili tatu. Hapo unakuwa ukuta wa pili unaofunga picha, lile jambo alilolisema Maalim.

WinoNaMaji

Nitajibu la karatasi na wino, kwa kuwa Spilliaert ndiye mwalimu wa hilo na kazi zake nyingi nzito za miaka ya 1907 hadi 1910 ni za karatasi: wino uliozimuliwa kwa maji, juu yake rangi za maji, pasteli na penseli za rangi. Hakuwa na turubai wala rangi za mafuta katika kazi hizo. Giza lake ni wino uliopakwa tabaka juu ya tabaka, na taa za ukuta wa bahari ni karatasi iliyoachwa.

Mabaka unayoyaona yanatokana na kitu kimoja: unapaka tabaka la pili kabla la kwanza halijakauka hadi ndani. Kwa unyevu wa Mombasa uso wa karatasi unaonekana mkavu huku ndani bado kuna maji. Wino mpya unasukuma ule wa zamani na kuacha ukingo wenye meno meno. Gusa karatasi kwa mgongo wa kiganja, si kwa ncha za vidole. Ukihisi ubaridi bado haijakauka. Msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, saa moja mbele ya feni inatosha. Wakati wa mvua za masika mpe saa tatu, au ulale nayo mpaka asubuhi.

Karatasi iwe ya pamba, gramu 300, uilowanishe dakika tano kisha uibandike ubaoni kwa tepu ya karatasi yenye gundi ya maji, pande zote nne, iachwe ikauke ikiwa imelala. Ukiisimamisha ikiwa mbichi maji yanashuka upande mmoja na tepu inaachia. Karatasi nyembamba chini ya gramu 200 itakunjamana, na mkunjo kwenye anga tupu hauna pa kujificha.

Wino uwe ule usioyeyuka ukikauka, wenye shelaki, aina ya utomvu wa kugandisha. Wino wa kalamu za kawaida unaamka kila unapopitisha brashi yenye maji, na utashindwa kujenga giza. Tengeneza vikombe vinne kabla hujaanza: tone 1 la wino kwa matone 20 ya maji, 1 kwa 8, 1 kwa 3, na wino mtupu. Vijaribu kwenye kipande cha karatasi ileile na usubiri vikauke, maana wino ukikauka unafifia kidogo. Anga ya usiku haipatikani kwa kikombe cha nne. Inapatikana kwa kikombe cha pili mara nne au tano, kila tabaka likipakwa kwa brashi pana ya sm 5 kutoka juu hadi chini bila kurudi nyuma. Ukipaka wino mtupu mara moja unapata ngozi nyeusi inayong'aa, iliyokaa juu ya karatasi. Tabaka tano nyembamba zinaingia ndani na kuonyesha kina. Kikombe cha nne kiweke kwa ukingo wa ukuta, mguu wa mtu, mwamba wa mbele, basi.

Mahali pa mwezi na nguzo paachwe tangu mwanzo. Usitegemee rangi nyeupe ya kufunika, kwa sababu weupe uliopakwa juu ya wino unageuka bluu ya ugonjwa, na hapo ndipo macho yote yatakapokwenda. Ukitaka mwanga uwe na joto, karatasi iliyoachwa ipitishe pasteli ya manjano iliyofifia, kidogo sana, kwa kidole.

Jengine la Spilliaert ni mistari ya mshazari. Ukuta wa bahari wa Ostend unaingia picha kutoka kona ya chini na kukimbilia mbali, na mtazamaji anavutwa nao hadi mahali pasipo na kitu. Ukuta wa Mama Ngina unafaa kabisa kwa hilo. Simama karibu nao, macho yawe juu kidogo ya kimo cha ukuta, uache uchukue theluthi nzima ya karatasi. Watu, viti, vibanda, vyote viondoke.

Onyo moja: wapo wanaozimua wino kwa maji ya bahari wakidhani yanaleta uhalisi. Chumvi inavuta unyevu kutoka hewani maisha yake yote. Picha hiyo itakuwa inalowana na kukauka kila siku ukutani, na kuvu itaikuta mapema.

PwaniRangi

Ahsanteni sana, hasa BintiKibokoni kwa hilo la machweo. Picha ya kwanza ya wino itakuwa ukuta wa Mama Ngina, ya pili maji yaliyopwa saa nne usiku. Kwa mafuta, moja nataka iwe na mivinje na mtu mwenye kanzu nyeupe ndani ya mtumbwi, nyingine nyumba za Mji wa Kale zinazotazama maji. Hapo mnasemaje?

MaalimKuze

Mivinje naikubali. Ni mti mrefu, mweusi ukiutazama dhidi ya mwanga, umezoeleka ufukweni kwetu, na upepo ukipita ndani yake una sauti ya kuhuzunisha. Panda mitano au sita karibu karibu, uiachie nafasi moja tu ya giza katikati.

BintiKibokoni

Hapo Maalim tunatofautiana, kwa heshima. Mberoshi umefungamana, mwanga hauupenyi, na ukingo wake ni mmoja tangu chini hadi kileleni. Ndiyo maana Böcklin aliweza kuutumia kama shimo la giza katikati ya mwamba. Mvinje una majani ya nyuzi nyuzi, anga inaonekana ndani yake, matawi yananing'inia, na ile iliyo ufukweni mara nyingi imelalia upande mmoja kwa sababu ya upepo wa kusi. Ukiulazimisha uwe mberoshi itabidi uuzibe, na ukishauziba haukuwa mvinje tena. Uutumie kwa sifa yake: pazia la kijivu linalofifisha kilicho nyuma. Mti wa kuziba kwa giza hapa kwetu ni mwembe mkubwa wakati wa magharibi. Mbuyu wa Mama Ngina nao unaziba, lakini kwa shina lake, hasa unapokuwa umepukutisha majani.

Na kisiwa si lazima kiwe cha miti. Mwamba wa matumbawe uliolika chini na maji, ukaning'inia juu ya kivuli chake, una giza la asili kwenye ule mlia wa chini. Maji yakiwa yamejaa nusu, mwamba unaonekana hauna mguu.

Kuhusu kanzu nyeupe, fikiri tena nani ataitazama picha. Kwa Böcklin umbo jeupe ndani ya mashua limezungushiwa nguo mwili mzima, na mtazamaji wa kule anasoma roho au mwombolezaji. Mtazamaji wa Mombasa akiona nguo nyeupe, mtumbwi na giza, atasoma sanda moja kwa moja. Kama ndivyo unavyotaka, sawa, ipe picha uzito huo bila kuogopa, na usiongeze kitu kingine. Kama hutaki mauti iwemo, mvishe rangi iliyokoza. Böcklin mwenyewe kafanya hivyo katika "Odisea na Kalipso" ya 1882, iliyoko Basel: Odisea amesimama juu ya mwamba, amejifunika bluu nzito mwili mzima, ametupa mgongo, anaitazama bahari. Hana mkono unaoonekana wala uso. Mbali naye, upande wa pili wa picha, Kalipso ameketi juu ya kitambaa chekundu. Nafasi iliyo kati yao ndiyo picha.

Munch alilifikisha mbali zaidi kwenye chapa ya mbao ya "Watu Wawili. Wapweke" mwaka 1899. Aliukata ubao wenyewe vipande kwa msumeno, akapaka kila kipande wino wa rangi yake, akavirudisha pamoja na kuchapa kwa mkupuo mmoja. Ukingo wa msumeno unaacha mstari mwembamba usio na rangi kuzunguka umbo. Kwenye mafuta unaweza kupata jambo hilo kwa kuacha milimita moja ya rangi ya msingi ionekane kati ya mtu na maji, usiiunganishe. Mtu anakuwa mahali hapo bila kugusana napo.

Kwa Mji wa Kale soma mchoraji Khnopff wa Ubelgiji, "Mji Uliotelekezwa" wa 1904, pasteli na penseli. Ni uwanja wa Bruges, mji ambao bahari iliuacha karne nyingi nyuma. Yeye kairudisha, inaingia taratibu hadi mbele ya nyumba, maji membamba yasiyo na wimbi. Sanamu ya mchoraji Memling ameiondoa, umebaki msingi wake mtupu. Anga ni karatasi tupu karibu yote. Kwako wewe: nyumba zitazamwe uso kwa uso bila mshazari, madirisha na milango ifungwe, nguo za kuanikwa na nyaya ziondoke, na maji yaje hadi kizingiti kwa toni ileile ya anga. Usichore uchafu wala nyufa za kuonyesha uzee. Nyumba iwe nzima, ndipo ukosefu wa watu utakapouma.

FundiFremuMajengo

Upande wa mafuta na fremu, kwa kifupi, kwa sababu picha za giza ndizo zinazoletwa kutengenezwa zaidi.

Albert Pinkham Ryder wa Marekani alichora bahari za usiku zenye nguvu kubwa, mashua ndogo chini ya mwezi, na leo nyingi zimepasuka na kuwa nyeusi kuliko alivyoziacha. Alipaka tabaka juu ya tabaka bila kusubiri, akachanganya vanishi na nta, akatumia lami. Tabaka la juu likakauka kwanza, la chini likaendelea kusogea, na ngozi ya juu ikachanika. Giza lako lisijengwe hivyo. Rangi nyeusi ya tyubu ni nzito kukauka, kwa hiyo usiiweke chini. Changanya ultramarini na kahawia ya amba iliyochomwa, sehemu mbili kwa moja ukitaka giza la baridi, nusu kwa nusu ukitaka la katikati. Amba inaharakisha kukauka. Tabaka la kwanza lizimuliwe kwa tapentaini liwe jembamba, mafuta ya kitani yaongezeke kidogo kidogo kwa tabaka za juu. Hapa kwetu mpe kila tabaka jembamba siku nne au tano, wakati wa mvua siku kumi. Bonyeza ukucha pembeni, ukiacha alama, ngoja.

Ukitaka ule uso usiong'aa wa Puvis, paka jeso, ile rangi nyeupe ya kuandalia turubai, tabaka tatu, isugue kwa msasa laini, na punguza mafuta: mwaga rangi juu ya karatasi ya kunyonya kwa nusu saa kabla ya kuitumia. Lakini usifanye hivyo kwa giza. Giza lisilo na mafuta ya kutosha linakuwa kijivu cha vumbi.

Za pasteli na wino ziwekwe chini ya kioo, zisigusane nacho. Nafasi ya milimita 5 ni ya lazima, la sivyo kuvu itaanzia pale karatasi inapogusa kioo. Kadi ya nyuma na ya mbele iwe isiyo na asidi. Kuta za mawe ya matumbawe za nyumba za kale zinapumua maji, usitundike picha moja kwa moja juu yake. Gundisha vipande vinne vya koki vya sm 1 kwenye kona za nyuma za fremu ili hewa ipite, na chagua ukuta wa ndani, usio wa nje. Nyuma ya fremu usizibe kwa nailoni. Ziba kwa karatasi nene, na uifungue kuikagua kila masika yanapokwisha.